Hahitaji Msaada Wowote

Naerim, 9 Machi 1999

Yeon-du binti yangu,

Wiki nzima na barua sijaiona. Usiniletee habari za simu. Simu ni ya kuitia teksi. Mtu aliyeingia chuo kikuu anaandika, tena anaandika kwa nukta nundu, kwenye karatasi nene, na posta ya nchi hii inatubebea bure barua za sisi tusioona. Ni jambo pekee inalotufanyia bila kutulilia. Litumie.

Chumba cha walimu kimepoa tangu uondoke. Mwalimu Hyun wa ukandaji hanisalimii bado. Unajua alichosema kikaoni: kumpeleka msichana asiyeona akasome historia ni kutafuta samaki juu ya mti, sheria imetuachia sisi peke yetu kazi ya kukanda migongo ya watu, basi tushukuru tukande. Nikamjibu kwamba ng'ombe naye ameachiwa jembe, na hakuna aliyewahi kumuuliza. Kazi moja kwa watu wote haiwi kazi, inakuwa zizi. Mimi nilikanda miaka sita. Migongo ya wakubwa wa nchi hii naijua kuliko wake zao wanavyoijua, na narudia: zizi.

Kwa hiyo ujue umebeba nini. Tangu shule hii ipeleke mtu chuo kikuu ni miaka kumi na moja. Ile fomu ya chuo yenye maswali kwa mwalimu wako, nilimtamkia karani wetu wa shule mimi mwenyewe, neno kwa neno, kisha nikagonga muhuri. Sikuacha mwanya wa mtu kukuhurumia.

Niandikie. Niambie huyo profesa wa historia ya kale anasemaje kuhusu zile falme tatu za Korea ya kale. Akisema upuuzi nijulishe, nimwandikie.

Mwalimu wako,
Guk Sang-man


Seoul, 24 Machi 1999

Mwalimu, shikamoo.

Niwie radhi kwa kuchelewa. Mimi mzima. Bwenini nipo ghorofa ya nne, ngazi sitini na nane. Kutoka hapo hadi kitivoni ni hatua elfu moja mia moja na kumi na sita, kwenda mteremko, kurudi mlima. Nalala chumba kimoja na wasichana wawili wa mji wa Daegu. Mmoja aliniuliza kama watu kama mimi huwa tunaota. Nikamwambia ndiyo, jana nimeota umezima redio. Tangu hapo tunaelewana.

Kuna kichekesho. Siku za mwanzo niliendelea na desturi ya shuleni: kila nikikaribia kona nagonga ulimi mara mbili, ili anayekuja upande wa pili naye agonge, tusipasuane vichwa. Hakuna aliyenijibu. Siku ya tatu nikasikia mvulana mmoja anamuuliza mwenzake, "Yule anaita kuku?" Sasa napita kimya. Nimeshagongana na watu saba, mmoja wao ni mkuu wa kitivo, na ndiye aliyeniomba radhi mara nne.

Masomo ni mazuri. Profesa Chu wa historia ya kale ana sauti ya mtu aliyekaa kwenye kiti kizuri. Vitabu ni vingi. Supu ya kantini huwa ya moto. Sina ninachohitaji.

Mwanafunzi wako,
Tak Yeon-du


Naerim, 20 Aprili 1999

Yeon-du,

Barua yako imeisha. Naisema kwa maana yake kamili: imeisha. Niliwasomea wa mwaka wa mwisho darasani, kisha wakaigombania, ikapita mikononi mwa wote kumi na wanne, wengine mara tatu, hata nukta zimelala. Mstari wa kuku hausomeki tena. Mstari wa "sina ninachohitaji" bado unashikika kidogo, na ndio niliowaambia waushike vizuri.

Ma Song-i, yule aliyekuwa anakubebea mpira wa kengele uwanjani, ameuliza kama kweli dada Yeon-du hasaidiwi na mtu. Nikamwambia soma mwenyewe. Akasoma. Jioni akaja ofisini kwangu kusema anataka kufanya mtihani wa taifa, na kwamba jina lake lifutwe kwenye orodha ya darasa la ukandaji la miaka miwili. Mwalimu Hyun amevunja kikombe. Anasema kiliteleza.

Nilichokipigania miaka ishirini kwa magazeti, kwa mikutano, kwa kufukuzwa ofisi za watu, umekifanya kwa ukurasa mmoja. Leta mwingine.

Guk Sang-man


Seoul, 2 Mei 1999

Mwalimu, shikamoo.

Nakuomba barua zangu usizisome darasani. Ni za kwako.

Kama Song-i anauliza, mwambie asiharakishe. Historia haikimbii. Mimi sijambo. Mvua ni nyingi.

Yeon-du


Naerim, 15 Julai 1999

Yeon-du,

Unyenyekevu ni ugonjwa, utibu mapema. Matokeo yako ya muhula yamefika kwa baba yako, naye kasomewa na jirani, akanitajia kwa simu: masomo matano, na yote matano B yenye alama ya kujumlisha. Nimeyaandika kwa nukta nundu kwa mkono wangu na kuyabandika ukutani nje ya darasa, kimo cha mikono, watoto wayaguse wakipita. Song-i atajiandikisha mtihani mwezi wa Septemba. Jina lake limeshafutwa kule kwingine.

Hujajibu barua yangu ya Juni. Najua unasoma. Soma.

Guk Sang-man


Naerim, 10 Oktoba 1999

Guk,

Ni mimi Tak Bong-su, baba Yeon-du, uliyelala kitanda cha juu yangu bweni la shule miaka minne, wewe ukihutubia usingizini na mimi nikikutupia kiatu. Sijaandika barua tangu mke wangu afariki, kwa hiyo nukta zikiwa za ovyo zivumilie.

Wewe ukipita mtaani unasema kazi yangu ni zizi. Sawa. Zizi hilo ndilo lililomlea huyo mtoto unayemtangaza, na sijawahi kukudai samahani. Leo sikuandikii kwa ajili ya heshima yangu.

Tangu Septemba, kila Jumamosi Yeon-du anapanda treni kutoka Seoul anakuja kufanya kazi kwangu. Anavaa koti jeupe, anakanda wateja watano, sita, jioni anarudi. Nilidhani amenikumbuka. Wiki mbili zilizopita akaniambia nimchukulie fomu ya darasa la ukandaji, la hapo kwenu, mwisho wa kujiandikisha tarehe 29 Novemba. Nikamuuliza vipi, na alama zote zile? Akasema amechoka tu, baba. Nikamwambia kama umechoka lala, usijiandikishe. Akacheka, halafu akakunja taulo hadi saa ya treni.

Fomu ninayo. Sijampa na sijamnyima. Nimemuuliza mara tatu na mara tatu ameniuliza kama nimekula. Sasa nakuuliza wewe, maana anakuogopa wewe kuliko anavyoniogopa mimi: umemfanya nini mwanangu?

Tak Bong-su


Naerim, 14 Oktoba 1999

Yeon-du,

Nimeambiwa, na nimeambiwa na mtu mwingine, jambo ambalo ni tusi peke yake.

Kwa hiyo unarudi. Una B tano ukutani na unarudi kuvaa koti jeupe. Ungekuwa umeshindwa ningekuelewa. Aliyeshindwa amepigana. Wewe umeshinda na unakimbia, na mimi sijui jina la mtu wa namna hiyo.

Fikiri unachokifanya. Ukirudi, hurudi peke yako. Kila mtoto wa shule hii atakayethubutu kutamka neno "chuo" ataulizwa, na yule Yeon-du je? Mwalimu Hyun hatahitaji hata kufungua mdomo. Song-i amejiandikisha mtihani. Amefanya hivyo kwa sababu yako wewe. Unataka nimwambie nini?

Nijibu, na safari hii usinijibu kwa habari za mvua.

Guk


Seoul, 20 Oktoba 1999

Mwalimu,

Barua hii sikukatazi kuisoma darasani. Ukifika mwisho utaamua mwenyewe.

Wiki ya kwanza ya Machi nilikwenda ofisi ya usajili kuuliza vitabu vya nukta nundu au vya kaseti vinapatikanaje. Karani ni mama mmoja mpole. Akafungua faili langu, akanisomea: "Mwanafunzi huyu hahitaji msaada wowote. Anajitegemea kikamilifu na asitendewe tofauti na wengine." Chini jina lako na muhuri wako. Akaniambia kuna kijana mwingine asiyeona, kitivo cha sheria, na shule yake iliandika kurasa tatu: msomaji, kaseti, chumba cha mtihani na muda wa ziada. Yeye walimpangia. Mimi hawakunipangia kitu kwa sababu mwalimu wangu alisema hakuna. Akauliza, "Ni kweli, binti?"

Nikasema ni kweli.

Ningesema si kweli, ningekuwa nimekufanya mwongo mbele ya watu. Na wewe ukiwa mwongo, Mwalimu Hyun anakuwa mkweli. Nilisimama pale nikapiga hesabu hiyo, nikashukuru, nikatoka.

Kitabu cha Profesa Chu kina kurasa mia sita, na karibu kila mstari una zile herufi za Kichina za wasomi wa zamani. Yule wa Daegu mwenye redio alijitolea kunisomea kwenye kaseti. Ana moyo mzuri, lakini herufi hizo hazijui, wengi wa rika letu hawazijui. Kwa hiyo kaseti inasema: "Mfalme huyu, hapa kuna herufi, alimtuma, hapa kuna herufi mbili, kwenda, sijui wapi." Nimeusikiliza ukurasa wa arobaini mara thelathini. Mpaka leo sijui nani alikwenda wapi.

Mwezi wa Juni nilifika mlangoni mwa chumba cha mtihani na mashine yangu ya kuandikia. Profesa Chu akanishika bega. Akasema, "Nenda ukapumzike, binti. Umeshafika mbali vya kutosha." Nikamwambia nimesoma. Akasema hana shaka, na kwamba alama isinitie wasiwasi. Wenzake wanne wakafanya vilevile. Mmoja alinipa na juisi.

Hizo ndizo B tano ulizozibandika kimo cha mikono. Sikuandika hata jibu moja, Mwalimu. Sijui kama najua chochote. Hakuna aliyeniuliza.

Umeniuliza kwa nini nakwenda kwa baba. Juzi nilimkanda mzee mmoja begani, akapiga kelele, "We mtoto, hapo sipo, unatafuta nini huko?" Baba akaja akanishika vidole akavisogeza. Nilitaka kulia kwa furaha. Tangu Machi hakuna mtu aliyeniambia kwamba hapo sipo.

Nimekuficha tangu mwanzo, na kosa hilo ni langu. Ila naamini wewe pia unajua ulichoandika, na ulikuwa unajua kila ulipoisoma barua yangu kwa sauti. Mwambie Song-i kabla ya tarehe 29. Asije akachagua kwa sababu ya uongo wetu wawili. Mimi nimeamua kwamba siku hiyo hiyo nitaamua.

Yeon-du


Naerim, 21 Novemba 1999

Yeon-du,

Barua yako nilitembea nayo kwenye koti mwezi mzima. Nimeandika majibu manne nikayachana. La kwanza lilikuwa la hasira kwako, la pili kwa Chu, la tatu kwa serikali. Unanijua. Mtu akinikanyaga mimi namtafuta waziri.

La nne lilikuwa la kweli, na nililichana kwa aibu. Naliandika tena.

Nilijua. Mwezi wa Februari yule karani mpole alipiga simu shuleni kuuliza kama nina uhakika. Nikamfokea. Nikamwambia chuo chao kimezoea kuona mikono iliyonyooshwa, sasa wataona kichwa kilichonyooka. Nilipenda sana sentensi hiyo; niliirudia chumba cha walimu chakula cha mchana.

Nilipokuwa na miaka kumi na tisa, chuo kimoja cha ualimu kilinijibu kwamba mahitaji yangu ni mengi kuliko uwezo wao. Niliapa hakuna mwanafunzi wangu atakayesomewa maneno hayo. Na sikudanganya kwa ajili yako, ingawa nilijiambia hivyo. Nilikijibu kile chuo, miaka thelathini na mbili baadaye, kwa kutumia faili lako. Watu wa macho wanatusamehe mitihani kwa huruma, na mimi nilikunyima vitabu kwa kiburi, na katikati yetu umekaa wewe na ukurasa wa arobaini. Nimeandika makala mia dhidi yao. Dhidi yangu sijaandika hata moja. Hii ndiyo ya kwanza.

Tarehe 8 niliwasomea darasani barua yako yote. Kisha karani wetu akawasomea na fomu yangu, nakala ilikuwa shuleni. Nilitoa matokeo yale ukutani wakisikia. Song-i akauliza, "Kwa hiyo Mwalimu, ulijaza fomu ya dada Yeon-du bila kumuuliza dada Yeon-du?"

Nikasema ndiyo.

"Basi yangu nitaijaza mwenyewe," akasema, na mmoja nyuma akaongeza kwamba wino nao atanunua mwenyewe, wakacheka, na mimi nikawaacha wacheke.

Alifanya mtihani tarehe 17. Asubuhi yake mpishi alipika supu ya mwani, yeye akakataa hata kuisogelea, eti utelezi wake unaangusha watahiniwa. Alitoka kwenye mtihani giza limeingia, amechoka, hajui amefanyaje. Na kesho yake akamwendea Mwalimu Hyun kuomba jina lake lirudishwe kwenye orodha ya ukandaji, ili asibaki na mlango mmoja. Hyun alimrudisha papo hapo. Nilikwenda kumshukuru. Tulikunywa chai. Anakanda vizuri kuliko mimi, hilo nilikuwa nimelisahau. Kwa baba yako nitakwenda mwenyewe, si jambo la barua.

Ndani ya bahasha hii kuna barua nyingine, ya maandishi ya kawaida, kwa ofisi ya usajili. Inasema kwamba nilichoandika Februari kilikuwa uongo. Karani wetu alitaka aandike "nilikosea". Nikamwambia kukosea ni kwa hesabu.

Itumie au iache. Zimebaki siku nane. Sikwambii ubaki, wala sikwambii urudi. Haya ni maneno magumu kuliko yote niliyowahi kuandika, na wewe unajua nimeandika mengi.

Guk Sang-man


Seoul, 12 Desemba 1999

Mwalimu, shikamoo.

Barua yako niliipeleka. Karani aliisoma mara mbili. Akasema muhula huu umeshakwisha, ila kuanzia Machi nitapata msomaji saa kumi kwa wiki, mashine ya kaseti na chumba cha mtihani. Nikamwambia bado nina jambo moja, na hilo halimo kwenye barua.

Tarehe 29 asubuhi nilikwenda kwa Profesa Chu. Nikamwomba aifute ile B ya Juni na anitahini. Kwanza alidhani nalalamika kwamba ni ndogo. Akasema, "Ulitaka A? Ungesema tu." Nikamwambia sitaki A, nataka maswali. Akasema hajawahi kuona mwanafunzi wa namna hii, halafu akajaribu kunipa chai. Nikamwambia chai baada ya mtihani.

Alinitahini kwa mdomo kwa muda wa karibu saa mbili. Mwanzo alikuwa ananisaidia: nikisita, yeye anamalizia. Nikamwomba asimalizie. Swali la nne nilichanganya wafalme wawili. Akasema, taratibu, kama mtu anayeingia maji baridi, "Hapana. Hapo umekosea." Baada ya hapo akachangamka. Akanikosoa mfululizo, akapandisha sauti, akagonga meza. Mpaka mwisho alikuwa amesahau kunihurumia.

Nimefeli, Mwalimu. Amenipa F. Aliniuliza kama nimeridhika, nikasema ndiyo, ila lile swali la ukuta wa mpakani naona nililijibu sawa. Akalifikiria akasema kweli, lakini halitoshi. Somo nitalirudia Machi.

Nilipotoka ilikuwa saa nane mchana. Dirisha la kujiandikisha huko kwenu linafungwa saa kumi na moja. Nilimpigia baba simu. Akasema yuko na koti, yuko na fomu, teksi iko mlangoni, niseme neno moja tu. Nikamwambia nimepata F. Akauliza F ni nzuri au mbaya. Nikasema ni mbaya, ila ni yangu. Akasema basi mwambie dereva aondoke. Nikamkumbusha dereva yuko kwake. Akamfukuza yeye mwenyewe.

Jumamosi moja kwa mwezi bado nitakwenda kukanda. Napenda kazi ile, na sitaki kuombwa maelezo.

Sasa nina haja, na nakuandikia wewe kwa sababu ni ya kwako kuitimiza. Msomaji niliyepewa hajui herufi za Kichina. Wanaozijua ni wazee. Nitafutie mmoja huko, asome kitabu chote kwenye kaseti kabla ya tarehe 2 Machi. Kurasa mia sita. Kitabu nimekutumia kwa posta.

Yeon-du


Naerim, 8 Januari 2000

Yeon-du,

Kitabu kimefika. Kizito kama jiwe la kugandamizia kachumbari mtungini.

Mzee Ok, tabibu wa mitishamba nyuma ya soko, ana miaka themanini na moja na herufi zote hizo anazo kichwani. Niliwahi kumwita gazetini muuza mizizi. Nilikwenda kwake Jumatatu, nikasimama mlangoni, nikazungumza habari za baridi, nikarudi nyumbani. Jumanne vivyo hivyo. Miaka hamsini na moja, na sijawahi kusimama mlangoni kwa mtu nikamwambia nahitaji.

Jumatano akachoka. Akasema, "We mwalimu, ama unaumwa ama unataka kitu. Sema, joto linatoka."

Nikasema, "Mzee, nakuomba unisomee."

Akauliza ni nini. Nikampa kitabu. Akakifungua, akakinusa, akasema aliyekiandika ni mpumbavu ila ameandika mengi. Akaniambia niketi.

Kaseti ya kwanza ndiyo hii. Anakohoa, na kila kurasa mbili anagombana na mwandishi, uvumilie. Anasoma kurasa nane kwa siku na haongezi, macho yake nayo yanaanza kumchoka. Kwa mwendo huo hatumalizi kabla ya Machi. Nimemwambia hivyo. Akajibu kwamba kwenye soko hili kuna wazee wengine wawili wanaojua herufi hizo, na kwamba wote wawili niliwahi kuwatukana.

Kesho asubuhi naanza na yule wa duka la karatasi.

Guk Sang-man